Kinanguruma lakini hakiondoki: mzee, usiitoe hiyo saketi

"Fundi, mimi ni mstaafu wa reli, nilikuwa karakana ya dizeli. Kijana wangu aliyeko Marekani ameniletea kichwa cha treni cha mfano, dizeli ya Kimarekani SD40-2 ya kipimo cha HO (ndogo mara 87 kuliko halisi), chenye sauti. Sanduku limeandikwa DCC Sound. Nimekiweka juu ya reli za zamani za mjukuu wangu, zile zenye kitako cheusi cha plastiki, na kidhibiti chake cha kuzungusha. Nikifungua umeme kidogo kinaanza kunguruma vizuri kabisa lakini hakisogei. Nikizungusha hadi zaidi ya nusu ndipo kinaruka na kukimbia. Kikifika kwenye poenti, pale njia zinapogawanyika, sauti inakatika, halafu inaanza upya kana kwamba injini imewashwa tena. Honi hailii kabisa. Kijana wa duka la elektroniki hapa Mombasa anasema mota imechoka: ama niitoe saketi niunge mota moja kwa moja, ama nitumie chaja ya laptop ya volti 19, maana umeme hautoshi. Mwingine kaniambia nizipige reli msasa. Tena mlio wenyewe haufanani na zile dizeli za daraja la 93 tulizokuwa tukizitengeneza. Nifuate lipi? Sitaki kukiharibu, mtoto anakiota usiku."

Shikamoo mzee.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na dalili zote ulizozitaja zinaelekea mahali pamoja. Kichwa chako ni kizima na mota yake ni nzima. Kilichomo ndani yake ni kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo inalishwa umeme wa kubahatisha: mara mdogo, mara mwingi, mara haupo. Tukiirekebisha lishe, kichwa kitatulia. Kwa hiyo kabla ya maelezo naomba saketi isitolewe, chaja ya laptop isiguse reli, na msasa urudi kabatini. Nitaeleza kila kimoja kwa nini.

Wewe umekaa na dizeli halisi, basi nianzie huko. Kwenye 93, dereva akivuta notchi, yaani hatua ya mkono wa nguvu, hapeleki umeme kwenye mota za bogi (seti ya magurudumu chini ya kichwa) kwa mkono wake. Anatoa amri tu. Gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko ya injini, inaongeza mafuta, injini inapanda mizunguko, umeme unazalishwa, ndipo mota zinapokea. Kati ya mkono wa dereva na gurudumu kuna mitambo inayopokea amri na kuamua. Vitreni vya zamani vya mfano havikuwa na kitu hicho. Nyaya mbili zilitoka kwenye reli zikaenda kwenye mota, basi. Ukizungusha kidhibiti, volti zinapanda kutoka 0 hadi 12 na mota inakwenda kwa kadiri ya volti hizo. Kichwa alichokuletea kijana kimerudishiwa yule mtu wa katikati, naye anaitwa dikoda.

Ni kibamba chembamba kilicholala juu ya mota, chini ya ganda la plastiki. Juu yake kuna prosesa, kumbukumbu iliyohifadhi sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye injini halisi, amplifaya ya spika, na swichi za kielektroniki za mota na taa. Umeme wote unaookotwa na magurudumu unaingia hapo kwanza. Hakuna waya unaotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye mota bila kupita kwenye dikoda. Na sauti unayoisikia haitoki kwenye mota hata kidogo. Mota ya kichwa kizuri cha HO huzunguka kimya, ukitega sikio utasikia giya tu.

Sasa zungusha kidhibiti chako polepole, tufuatane. Volti 2, volti 3, kimya: prosesa haijapata cha kuamkia. Kwenye volti 5 hadi 7 hivi, kutegemea chapa, inaamka na kuanza kucheza sauti zake kwa mpango. Ukiinamisha sikio utasikia pampu ya mafuta ikivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, kisha injini inakohoa silinda chache, kisha inashika mwendo wa silensi, ule wa kunguruma ikiwa imesimama. Wakati huo wote mota haijapewa kitu, kwa sababu volti zilizopo zinatosha kuwaweka macho prosesa na amplifaya, hazina ziada. Unaendelea kuzungusha, ziada inaanza kupatikana, dikoda inaifungulia mota. Lakini kufikia hapo umeshapita nusu ya kidhibiti, na nusu iliyobaki ndiyo inayobeba kasi zote, kuanzia kutambaa hadi mbio. Ndiyo maana kinaruka. Kijana wa duka aliona kuruka huko akasema mota imechoka, na simlaumu, maana kwa kitreni cha zamani dalili hiyo ingekuwa kweli ya mota au giya iliyokwama.

Kuna na jambo la pili, ambalo limewekwa makusudi. Watengenezaji wengi wamepanga injini ipande mizunguko kwanza na magurudumu yafuate baadaye kidogo. Hilo wewe huhitaji kuelezwa. Treni ya mizigo haiondoki kituoni dereva anapogusa notchi ya kwanza.

Na honi? Kidhibiti cha kuzungusha kina maneno mawili tu ya kusema: volti ngapi, na mbele au nyuma. Hakina neno la "piga honi". Baadhi ya chapa zimebuni ujanja, ukigeuza swichi ya mwelekeo haraka na kuirudisha wakati kichwa kinatembea, honi inalia. Jaribu mara moja kwa upole. Ikigoma, usiendelee kuisumbua swichi.

Kile ambacho kichwa hiki kimetengenezewa kinaitwa DCC (Digital Command Control, yaani uendeshaji kwa amri za kidijitali). Msingi wake ulitoka kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, kikaufanya kanuni ya wote katika miaka ya 1990, ndiyo maana kidhibiti cha kampuni moja huendesha kichwa cha kampuni nyingine. Katika DCC reli hazipandishwi wala kushushwa volti. Zinawekwa volti 14 au 15 muda wote, treni ikiwa inakwenda au imesimama. Umeme huo unageuzwa upande maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ndio herufi: mfupi, mikrosekunde 58 kila nusu, ni 1, mrefu, mikrosekunde 100 au zaidi, ni 0. Kwa herufi hizo kidhibiti kinatuma maneno kama "namba 3, mwendo hatua ya 20, mbele" au "namba 3, honi". Kila dikoda juu ya reli inasikia maneno yote na kutii yale yenye namba yake tu. Kichwa kipya karibu kila mara hutoka kiwandani na namba 3.

Ona tofauti yake, mzee. Lishe na amri vimetenganishwa. Dikoda imeshiba tangu mwanzo, hivyo inaweza kuikatia mota umeme vipande vidogo vidogo na kuufanya mwendo wa kwanza uwe wa kutambaa kabisa. Kichwa hichohicho kinachoruka leo, juu ya DCC kinaweza kupita taruma moja baada ya jingine huku injini ikiwa kwenye silensi. Niliposhuhudia hilo mara ya kwanza, nilipokuwa nikiishi Illinois, jimbo lilelile ambako SD40-2 halisi zilikuwa zikiundwa kuanzia 1972, nilikaa chini nikitazama bogi likizunguka magurudumu yake sita na sikutaka kuongeza mwendo.

Haya, tuje kwenye poenti. Sauti kukatika na kuanza upya maana yake ni moja tu: prosesa ilikosa umeme, ikazimika, ikawaka tena. Kukatika kwa nukta ndogo, ambako mota ya zamani ingekupita kwa kujisukuma yenyewe, kunatosha kuiangusha kompyuta. Na kwenye meza yenu ninaona sababu tatu zilizorundikana.

Ya kwanza ni hizo reli zenye kitako cheusi. Chukua sumaku ya friji uiguse kwenye reli. Ikishika, reli ni za chuma. Aina nyingi za reli hizi za kuchomeka huuzwa kwa rangi mbili, nyeusi zikiwa za chuma na za kijivu zikiwa za nikeli-silva, ambayo licha ya jina lake haina fedha ndani. Ni shaba, zinki na nikeli. Chuma na hewa ya bahari ya Mombasa hawapatani, na wewe hilo umeliona kwenye mabati ya kila nyumba. Kutu yake hupitisha umeme vibaya sana. Nikeli-silva nayo hubadilika rangi, lakini inapitisha vizuri zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ukinunua kitu kimoja tu mwaka huu, ningependa kiwe reli za nikeli-silva, hata kabla ya kidhibiti kipya.

Ya pili ni moyo wa poenti, pale reli mbili zinapokatana. Kwenye poenti nyingi za bei nafuu kipande hicho ni plastiki, hakina umeme. SD40-2 ina magurudumu kumi na mawili na kwa kawaida inaokota umeme kwa yote, kwa hiyo ingepaswa kupita bila habari. Ikikatika pale, kuna magurudumu mengine ambayo hayaokoti, kwa uchafu au kwa sababu moja ya zile bamba za shaba zinazogusa nyuma ya gurudumu imepinda.

Ya tatu ni vile viunganishi vidogo vya chuma kati ya kipande na kipande. Kila kimoja kikilegea au kikishika kutu, umeme wa upande wa pili unapungua. Dawa ni kupeleka waya wa kulisha kwenye reli kila baada ya mita moja au mbili, badala ya kuutegemea umeme utembee meza nzima kwa kupitia viunganishi. Kazi hiyo ni ya jioni moja kwa mtu aliyeshika lehemu maisha yake yote.

Kuhusu msasa. Unang'arisha reli kwa siku ile unayopiga, na moyo unafurahi. Lakini niliwahi kuitwa kwenye meza ya rafiki aliyekuwa akisafisha kila wiki na bado treni zake zinakwama. Nilitia lenzi juu ya reli: mikwaruzo mirefu kama shamba lililolimwa, na kila mfereji umejaa weusi. Uchafu ulikuwa umepata pa kukaa na cheche zimepata pa kurukia, na kila cheche inaacha masizi mapya. Reli laini huchelewa kuchafuka. Na kama reli ni za chuma zenye utando wa kuzuia kutu, msasa unauondoa.

Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili, ile ambayo mafundi simu wanasafishia bodi. Ile ya duka la dawa soma lebo kwanza, maana nyingine hutiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yakibaki kwenye reli utakuwa umejiongezea kazi. Futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Wapo wazoefu wanaomalizia kwa mafuta ya taa kidogo mno kwenye kitambaa, kisha wanafuta yakauke, kwa hoja kwamba kimiminika cha jamii hiyo huacha cheche chache kuliko spiriti. Mimi nimeona yanasaidia, ila harufu yake si ya sebuleni na moto uwe mbali.

Magurudumu yana njia yake, na hii mfundishe mjukuu. Laza karatasi ya tishu juu ya reli, iloweshe spiriti kidogo, iwe mbichi tu bila kuchuruzika. Fungua madirisha, pasiwe na sigara wala jiko karibu. Shika kichwa kwa vidole viwili, bogi la mbele likanyage tishu, bogi la nyuma likae kwenye reli tupu. Fungua umeme. Bogi la nyuma litaokota, magurudumu ya mbele yatazunguka palepale juu ya tishu, na baada ya sekunde chache utainua uone mistari miwili myeusi kama ya penseli ya 6B. Sogeza tishu mahali safi, rudia mpaka mistari ipotee, kisha geuza kichwa ufanye bogi la pili. Katika vichwa vilivyoletwa kwangu vikiwa "vibovu", vingi vilipona hapo.

Baada ya usafi huo, kama poenti bado inakatiza sauti, kuna kapasita ya akiba ambayo huungwa kwenye dikoda, nyaya mbili au tatu tu, na kuibeba kompyuta kwa nusu sekunde au zaidi umeme unapokatika. Ni kitu kizuri, lakini kimekusudiwa DCC. Kwenye kidhibiti cha kuzungusha faida yake ni ndogo au haipo.

Sasa ushauri wa dukani. Kuitoa saketi na kuunga mota moja kwa moja kutakifanya kichwa kitembee, sitakudanganya. Kitatembea kama kitreni cha miaka ya 1970. Sauti itakwenda, nayo ni sehemu kubwa ya bei aliyolipa kijana wako. Na taa za LED za kwenye vichwa hivi hupimiwa umeme na saketi ileile. Ukiziunga kwenye volti 12 bila rezista zinakufa mara moja. Kama siku moja utataka kichwa kiende kimya juu ya kidhibiti cha zamani, vichwa vingi vina soketi ya dikoda, ya pini 8 au 21, na huuzwa plagi bubu ya kuchomeka mahali pake. Hapo dikoda unaiweka kwenye sanduku ikiwa salama, hujakata waya wowote.

Chaja ya laptop inahitaji maneno zaidi, kwa sababu inaonekana ina mantiki. Umeme hautoshi, basi tuongeze. Lakini kidhibiti chako kikifunguliwa chote kinatoa volti 12 au zaidi, kwa hiyo volti si haba. Haba ni volti wakati kidhibiti kiko chini. Chaja haina kidhibiti: ukiichomeka, reli zinapata volti 19 papo hapo, na kichwa kinachokubali umeme wa kawaida wa DC (wa mkondo mnyoofu) kitafyatuka kwa kasi yake ya mwisho hadi kwenye kona ya kwanza. Tena chaja hizo hutoa ampea 3 au 4 na zaidi, wakati kichwa kimoja cha HO hakifiki ampea 1. Gari likiacha njia na gurudumu la chuma likaziba reli mbili, ampea zote hizo zinapita kwenye bamba nyembamba za kuokotea umeme. Nimeiona plastiki ya bogi iliyoyeyuka kwa namna hiyo.

Basi chaguo zilizobaki ni tatu, na kila moja ina heshima yake. Unaweza kubaki na kidhibiti ulichonacho. Safisha, badilisha reli, na uzoee kukiwasha hivi: zungusha mpaka injini ishike silensi, subiri, kisha ongeza kwa unene wa ukucha. Hutapata honi wala kutambaa, lakini hutakiharibu, na mtoto atafurahi.

Unaweza kumwomba kijana akutumie seti ya kuanzia ya DCC. Huko aliko zinauzwa kati ya dola 100 na 300 hivi. Hapa kuna hatari moja ambayo ndiyo inayoniogopesha kuliko zote: umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Kabla hujachomeka chochote, geuza adapta usome maandishi madogo. Ikiwa INPUT ni 100-240V, salama. Ikiwa ni 120V peke yake, usiichomeke hata kwa kujaribu. Nunua transfoma ya kushusha umeme au mpe namba za OUTPUT fundi akutafutie adapta ya hapa inayolingana. Usichanganye na plagi: kibadilisha plagi kinabadilisha umbo la miguu, hakishushi volti.

Au mnaweza kujenga wenyewe, na kwa mtu wa karakana mwenye mjukuu mdadisi hii ndiyo ningeichagua. Kuna programu huria iitwayo DCC-EX inayokaa kwenye bodi ndogo ya kompyuta, Arduino Mega, pamoja na bodi ya kuendeshea mota inayopandishwa juu yake. Sehemu hizo zinapatikana kwenye maduka ya elektroniki, Nairobi ukiingia Luthuli Avenue hutatoka mikono mitupu. Ukiongeza kipande cha WiFi, simu ya Android yenye programu ya Engine Driver inageuka kuwa kidhibiti: kitufe cha honi, cha kengele, cha taa, na notchi za kuburuta kwa kidole. Chanzo cha umeme kiwe cha DC volti 14 au 15 chenye kinga ya shoti, na fuateni maelekezo yao hatua kwa hatua, hasa pale wanapoagiza kutenganisha njia ya VIN, ile ya kuingizia umeme, ili volti za reli zisiingie kwenye Arduino. Wengi wanafanya haraka hapo na kuiunguza bodi.

Kwa njia yoyote ya DCC mtakayoshika, kidhibiti cha zamani kiondolewe kabisa kwenye nyaya. Viwili hivyo visikutane kwenye reli moja hata kwa dakika. Na vichwa vya zamani vya mjukuu visivyo na dikoda visiachwe vimesimama juu ya reli za DCC. Umeme unaogeuka-geuka utaifanya mota ilie kama nzi na kupata moto mpaka iungue.

Nimebakisha mlio, na hapa sikio lako halijakosea. Zile 93 ni U26C za General Electric, silinda 12, stroku nne. SD40-2 imebeba injini ya 645 ya EMD, kampuni iliyoiunda, silinda 16, stroku mbili, nguvu farasi 3,000. Wewe piga hesabu: kwa kila mzunguko mmoja wa kranki, 93 inawasha silinda 6, hii inawasha zote 16. Katika notchi ya 8, kwa mizunguko 900 ya dakika, hiyo ni milipuko 240 kila sekunde. Ndiyo maana 93 unaweza karibu kuhesabu mapigo yake, na hii inavuma mfululizo na mluzi juu yake. Mluzi ni wa turbo, ambayo kwenye 645 huendeshwa kwa giya mpaka moshi upate nguvu za kutosha kuizungusha wenyewe. Kwa hiyo sauti uliyoletewa huenda ikawa sahihi kabisa, ila ni ya injini nyingine.

Ikiwa pamoja na hayo inakwaruza au imekonda kama redio ya mfukoni, punguza kwanza sauti. Spika iliyomo ni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Hewa ya besi haina, na ukiilazimisha inapasuka sauti. Kisha angalia kisanduku chake. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi ya nyuma yakivuja na kukutana na ya mbele yanafutana, besi ndizo zinazotangulia kufa. Tundu la upana wa sindano linatosha. Gundi laini pembeni ya kisanduku mara nyingi hurudisha nusu ya mngurumo, bila kubadilisha kifaa chochote.

Peleka kichwa kwa mtu akishike mkononi ukiona mojawapo ya haya: harufu ya kuungua, sehemu ya paa inayochoma kidole baada ya dakika moja, mota inayovuma bila kuzunguka hata kwa volti za juu, au taa zinazowaka bila sauti yoyote baada ya usafi wote niliousema. Zima kwanza, usijaribu mara ya pili. Ukikosa fundi wa treni za mfano, tafuta fundi simu mwenye mkono mtulivu na hadubini. Lehemu ya dikoda ni ya ukubwa uleule anaofanya kila siku. Mwonye jambo moja: nyaya za spika na za mota zisiguse fremu ya chuma hata wakati wa kupima, maana dikoda inaweza kufa kwa kugusana mara moja. Na kazi ya umeme wa 240 ukutani ni ya fundi umeme, si ya mjukuu.

Siku mtakapowasha DCC, kabla ya honi, soma thamani ya CV 8 (CV ni mpangilio wenye namba uliohifadhiwa ndani ya dikoda). Hiyo ni namba ya aliyetengeneza dikoda: 151 ni ESU, 141 ni SoundTraxx, 145 ni ZIMO, 38 ni Broadway Limited. Niandikie namba utakayoiona, nikwambie sauti inapunguzwa kwa CV ipi. Na ikitokea ni 151, na dikoda ni ile kamili inayokubali kuandikwa upya, kuna faili za sauti za injini za FDL za General Electric, jamii ya injini ya 93, zinazoweza kupakiwa mahali pa 645, kwa kifaa chao maalumu. Hapo kichwa kitakuwa na sura ya EMD na sauti ya jamaa wa 93. Kama hilo linafaa au halifai, mtaamua wewe na mjukuu.